Bidoni Iliyorudi Imejaa

Wanaoandika mambo ya kazi yao ni wazee waliopewa saa ya ukutani na kupigiwa makofi. Mimi niko na miaka thelathini na nne, mtoto wangu wa pili amelala mgongoni, na kazi niliyoiacha sitairudia. Basi nimestaafu. Mkiona neno hilo halinifai tafuteni lingine, mimi nafasi yangu ya kuandika ni mpaka huyu aamke.

Niko na hasira pia, nawaambia mapema. Lakini haitapiga kelele, sababu ikipiga kelele mtoto ataamka, na tena ni hasira ya siku nyingi. Imepoa kama bukari, ugali wetu, ya jana, unaikata kwa kisu na vipande vinatoka vizuri.

Nilifanya miaka kumi kwenye labo moja ya binafsi hapa Lubumbashi, meza ya kupokea. Nilipokea damu, makohozi, choo, na zaidi ya yote mkojo. Huku kwetu tunasema masuba, na nitaandika masuba nikitaka. Wewe mdogo wangu uliyepata diploma ya sekondari juzi na umechukuliwa labo, ukiona aibu kulisoma neno hilo, rudisha blauzi nyeupe ukauze marashi. Kazi hii yote iko juu ya neno hilo.

Sitawaelezea kila kitu. Nitawaelezea kipimo kimoja, kile cha masuba ya saa ishirini na nne, na mwanamke mmoja aliyekaribia kufa kwa sababu yangu.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Inatoa homoni zinazokufanya ukimbie ukiona nyoka: moyo unadunda, jasho linatoka, damu inapanda. Sasa, kuna watu wachache ambao kwenye tezi ile kunaota uvimbe, na uvimbe ule unatoa homoni hizo wakati hakuna nyoka. Mtu ameketi anachambua sombe, majani ya muhogo, mara moyo unagonga mbavu, kichwa kinapasuka, nguo inalowa, tansiyo, ile presha ya damu, inaruka juu. Baada ya dakika kumi imeisha. Anafika hospitali, wanampima, tansiyo nzuri. Wanamwambia ni mawazo. Wengine wanamwambia ni mambo ya ukoo.

Damu inaweza kukuficha hilo. Simama dakika tano kwenye barabara ya Kasumbalesa, unaweza usione lori hata moja, urudi nyumbani ukasema malori yameisha Katanga. Lakini kaa pale kuanzia asubuhi mpaka asubuhi nyingine, uhesabu yote, hapo utajua. Masuba ndiyo yule anayekaa barabarani siku nzima. Homoni zikishatumika zinavunjika, na vipande vyake vinatoka na mkojo, vya saa ya utulivu na vya saa ya fujo, vyote pamoja. Ukikusanya yote, uvimbe hauna mahali pa kujificha. Ukikosa nusu siku, umefumba macho malori yakipita.

Kwa hiyo utaratibu uko hivi, na naomba mwujue kama mnavyojua jina la mama yenu. Saa moja asubuhi mgonjwa anakojoa na *anatupa*. Ile ya kwanza anaitupa, sababu ni ya usiku uliopita. Watu wanakataa kuitupa kwa kuwa kila mtu amesikia kwamba masuba ya asubuhi ndiyo mazuri. Mwambie mara mbili. Kuanzia hapo kila tone linaingia kwenye bidoni, dumu la plastiki, nyumbani, kazini, kanisani, mpaka kesho yake saa moja, na ile ya kesho saa moja inaingia pia. Akienda choo kubwa, mkojo unatangulia kwenye kopo. Bidoni inakaa kivulini mahali pa baridi. Kahawa aache. Dawa zake zote aziandike, hata ile ya kichwa aliyonunua kwenye kibanda, na asiache dawa yoyote kwa akili yake mwenyewe, amuulize daktari.

Na ndani ya bidoni mnaweka asidi kidogo ya kulinda vile vipande visiharibike. Mwambie mgonjwa kwamba yale si maji! Alikuja dereva mmoja mkubwa, mwenye sauti ya kushusha mzigo peke yake, nikampa bidoni, nikasahau kumwambia akojoe kwanza kwenye kopo halafu amimine. Alikojoa moja kwa moja. Asidi ikaruka. Alirudi anatembea kama bata.

"Madame," akasema mbele ya watu wote, "ile mayi yenu inauma!"

Watu walicheka, na yeye mwishoni alicheka. Mimi sikucheka. Alikuwa na bahati.

Mtu aliyenifundisha haya anaitwa Papa Kasongo. Alikuwa fundi wa labo tangu wakati ambao hadubini ilikuwa inatafuta mwanga wa jua dirishani. Nilipofika nikiwa na miaka ishirini na tatu, nikifikiri kazi ni kuvaa glavu na kuandika majina, alinipa bidoni tupu.

"Kesho saa moja uniletee yako."

"Yangu ya nini, Papa? Miye siko mugonjwa."

"Juu utaenda kuambia bantu babebe bidoni siku muzima. Beba kwanza weye."

Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Haukuwa mzaha. Nilikuwa nakaa kwa baba mdogo upande wa Kasapa, na jioni ile nilikuwa na mazoezi ya kwaya. Nibebe bidoni ya masuba kwenye kwaya? Niliiacha nyumbani. Nilikojoa kanisani, nikakojoa tena kwa rafiki yangu, na asubuhi bidoni ilikuwa na kitu cha kutia huruma. Nikaongeza maji ya bomba mpaka ikapata sura.

Papa Kasongo alimimina kidogo kwenye bomba refu la kioo, akatumbukiza kile kijiti kinachoelea cha kupima uzito wa masuba. Akakitazama. Akanitazama.

"Solange, weye iko na figo ya samaki?"

"Juu ya nini, Papa?"

"Hii ni mayi ya bomba. Na masuba kidogo ya kusalimia."

Labo yote ilicheka, nikatamani sakafu inimeze. Lakini hakunifukuza. Alivuta kiti, akaniuliza kwa nini, nikasema aibu. Akaitikia kama mtu aliyepewa jibu sahihi.

"Muzuri. Sasa unajua kile mugonjwa atakuficha. Hapana kumuuliza 'umeelewa?' Muntu yote atasema ndiyo. Umuingize mu chumba, umufungie mulango, mukae wote wawili, umueleze. Kisha umuambie: sasa weye njo infirmiye, weye njo muuguzi, unieleze miye. Na akirudisha bidoni, umuulize: ile ya kwanza ulitupa? Ulimaliza saa ngapi? Na muchana ulienda wapi?"

*Muchana ulienda wapi.* Swali hilo la tatu andikeni kwenye mkono.

Papa Kasongo aliondoka kupumzika nikiwa na miaka mitano kazini. Baada yake alikuja Directeur mpya, mkurugenzi wa labo, mtu msafi, mwenye mashati mazuri, aliyependa mstari wa watu uende mbio. Chumba cha maelezo kikawa ghala la makaratasi. Maelezo yakawa yanatolewa kaunta, umesimama, na kwenye karatasi ya mgonjwa kukawekwa kisanduku: *Maelezo yametolewa.* Unaweka alama, unasaini, wa pili apite. Mimi nilinung'unika wiki mbili, halafu nikazoea. Hilo ndilo ninalolikasirikia kwanza, huko kuzoea kwangu. Mashati ya Directeur yanafuata.

Ilikuwa mwezi wa kumi, lile joto la kabla ya mvua. Saa moja asubuhi alikuja mwanamke wa miaka thelathini hivi, Ndaya, wa watu wa Kasai, muuza bunga, yaani unga, kwenye soko la Naviundu. Walikuwa wanataka kumpasua kwa sababu ya uvimbe wa kizazi, ule wa kawaida ambao wanawake wengi wanao, lakini daktari wa usingizi alikuwa ameona tansiyo yake inapanda na kushuka bila sababu, akakataa kumlaza mpaka apimwe masuba ya saa ishirini na nne. Daktari yule alikuwa na akili. Mtu mwenye ule uvimbe wa tezi, ukimpa usingizi na kumpasua bila kumtayarisha, tansiyo inaweza kulipuka pale pale mezani, na hakuna wa kumrudisha.

Nyuma ya Ndaya kulikuwa na watu kumi na tano, nusu yao wanaume. Nilimsukumia bidoni ya lita tatu.

"Mama, ukusanye masuba yote ya siku, ya kwanza utupe, urudishe kesho saa moja. Usiguse dawa ya ndani. Umeelewa?"

Aliangalia chini. "Ndiyo."

Nikaweka alama kwenye kisanduku. Nikasaini. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Kesho yake asubuhi alirudi na mama mkwe wake, Mamu Ntumba, mama mnene mwenye kitambaa kikubwa kichwani, ambaye ndiye aliyebeba bidoni, imevishwa mfuko mweusi na kufunikwa kitenge kama zawadi ya harusi. Imejaa mpaka shingoni. Nikaandika lita mbili na mililita mia tisa. Nilifikiri: huyu anakunywa maji sana, na joto hili. Sikuuliza hata swali moja. Nilitikisa bidoni, nikachota kiasi, nikaandika ujazo kwenye kichupa, kikapelekwa nje ya nchi maana kwetu kipimo kile hakifanywi. Yote hayo niliyafanya vizuri. Mnaweza kufanya vizuri sana juu ya uongo.

Majibu yakarudi: kawaida. Karibu na mpaka, lakini chini yake. Upasuaji ukapangwa Jumanne.

Jumamosi nilikwenda Naviundu kununua bunga. Kwenye meza ya Ndaya nilimkuta Mamu Ntumba, anapima bunga kwa kopo na kugombana na mteja aliyetaka kilima juu ya kopo. Aliponiona akafurahi kama ameona ndugu.

"Ah, Madame wa labo! Bantu, mupishe, huyu njo alitusaidia. Ndaya iko nyumbani, anapumuzika. Jumanne banamupasula."

"Mungu amusaidie, Mamu."

"Amina. Ile bidoni yenu, uliona vile tulirudisha? Yenye kujaa!"

"Niliona, Mamu," nikasema nikicheka. "Ndaya anakunywa mayi sana."

"Mayi gani? Yee mwenyewe alileta kidogo! Muchana wote alikuwa hapa sokoni, anabeba mifuko, bidoni ilibakia nyumbani. Usiku njo aliweka yake. Asubuhi naangalia, haifike hata nusu. Mimi nikasema apana! Chombo ya bantu unairudisha nusu? Batasema nini, kwetu kuko njala hata ya masuba? Nikaita batoto yangu bawili, na muke wa mukubwa. Nami nikaweka yangu. Tukamusaidia, ikajaa."

Wanawake wa meza za jirani wakacheka, naye akacheka, amejishika kiuno kwa fahari.

Mimi bunga ilinidondoka.

Nawaomba msimcheke yule mama. Labo nilisikia maneno hayo miaka yote: wateja ni wajinga, watu wa soko hawaelewi. Wewe jirani akikupa sahani ya sombe, unairudisha imelowa na tupu? Hurudishi. Unaweka hata nyanya mbili. Mamu Ntumba alipewa chombo na watu wenye blauzi nyeupe, hakuna aliyemwambia kitu, basi akafuata heshima aliyolelewa nayo. Aliyefanya ujinga alikuwa na diploma, na saini yake ilikuwa kwenye karatasi.

Hebu tazameni sasa kilichotokea ndani ya bidoni ile. Kichwa cha Ndaya kilikuwa kinapasuka mchana, akiinama na kubeba mifuko. Masuba ya saa zile yalikwenda kwenye choo cha nyuma ya soko. Kwenye bidoni yaliingia masuba yake ya usiku, saa zake za utulivu, na ya watu wanne wazima wenye afya. Ujazo ulikuwa na sura nzuri. Kama ingerudi haifiki nusu, labda mtu angeuliza. Kwa kuwa ilirudi imejaa, hakuna aliyeuliza.

"Mamu," nikamwambia, "Ndaya akibeba mifuko, kichwa inamuuma?"

"Inamuuma mpaka anakaa chini. Jasho kama mvua. Lakini docta alisema karatasi iko muzuri. Si weye mwenyewe ulituletea karatasi?"

Nilimpigia Papa Kasongo. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama kando ya mto ulio nyuma ya soko, unga kwenye viatu. Nilitaka aniambie kwamba labda Ndaya hana uvimbe wowote, labda ni fibromu tu, ule uvimbe wa kizazi, labda Jumanne itapita salama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Solange, unaniuliza nini?"

"Nifanye nini, Papa."

"Hapana. Ile unajua. Unatafuta muntu wa kulia naye. Lia kidogo, kisha uende."

Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwa Directeur. Nilisema bila kuzungusha. Alivua miwani.

"Unataka nipigie hospitali niwaambie labo yangu imetuma masuba ya familia nzima?"

"Ndiyo, Directeur."

"Na maelezo? Hapa kuna alama yako, na saini."

"Niliweka alama ya uongo. Kila siku tunaweka."

Hilo *tunaweka* ndilo lililomuudhi. Alisema niandike ripoti, ataisoma kwenye kikao cha Alhamisi. Nikamwambia mgonjwa anapasuliwa Jumanne. Akasema kwa utulivu kwamba majibu ya nje ya nchi ni majibu, na kwamba niko na mimba, nimechoka, nikae kwanza nipumzike. Ni kweli nilikuwa na mimba, ya huyu aliye mgongoni sasa. Mkisikia mtu anataja mimba yako badala ya kujibu ulichosema, jueni hana jibu.

Saa sita niliacha kaunta na mstari wa watu, nikapanda taksi mpaka hospitali, nikamtafuta daktari wa usingizi. Alikuwa mwanamke mfupi, anakula karanga kwenye karatasi. Nilimweleza. Hakunikatiza.

"Walikojoa wangapi ndani?"

"Wanne, Docta. Na yeye mwenyewe ya usiku tu."

Alikunja karatasi ya karanga, akatoa orodha ya Jumanne mfukoni, akafuta jina la Ndaya kwa mstari mmoja. Halafu akaniuliza jina langu, nikafikiri ananiandika kwa polisi. Akasema, "Solange, safari hii uisimamie mwenyewe."

Jioni ile nilikwenda kwao. Mamu Ntumba alinitukana, nami nilisimama nikasikiliza. "Umemuchelewesha mutoto wangu! Tulikuwa tayari, tulishapika, leo unatuambia masuba yetu haina muzuri?" Nilimwacha amalize. Halafu nikafanya kile nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nikaketi kwenye mkeka wao, nikafunga mlango, nikawaeleza wote wawili habari za tezi, za bidoni na za malori ya Kasumbalesa. Nilipomaliza nikasema: "Sasa, Mamu, weye njo infirmiye. Unieleze."

Akaanza, akahesabu kwa vidole, na alipofika kwenye masuba ya sokoni vidole vikakoma.

"Kumbe tulimuficha," akasema polepole. "Tulimuficha sisi wenyewe."

Ndaya, ambaye mpaka siku ile sikuwa nimesikia kutoka kwake zaidi ya neno moja, akasema: "Miye nilisikia aibu ile siku. Banaume balikuwa nyuma yangu. Nilitaka kukuuliza kama niende nayo sokoni."

Angeniuliza, angekuwa ameokoka mapema. Hakuniuliza kwa sababu nilimweka mahali ambapo mtu hawezi kuuliza.

Safari ile ya pili nilishinda kwao, na Ndaya alikaa nyumbani na bidoni kwenye kapu, limefunikwa, ili mashemeji wasitazame. Kila alipoweka, Mamu Ntumba alichora mstari wa makala ukutani, na watoto wake watu wazima walipigwa marufuku hata kupita karibu na kapu. Katikati ya mchana kichwa kilimshika Ndaya akiinama kuchukua maji. Aliketi chini, jasho likatoka. Zamani tungesema pole tu. Siku ile tulisema pole, halafu Mamu Ntumba akamwambia, "Muzuri, mwanangu, iko inaingia mu bidoni!" na Ndaya mwenyewe, kichwa mikononi, akacheka.

Ilikuwa lita moja na nusu, bila hata tone la mtu mwingine.

Majibu yalirudi juu ya mpaka, juu kiasi kwamba daktari aliyasoma mara mbili. Wakampiga picha, wakauona uvimbe umekaa juu ya figo ya kushoto. Hapo ndipo kazi ya kweli ilianza. Hawakumpasua haraka. Walimpa dawa wiki kadhaa za kuifunga tansiyo, akiambiwa ale chumvi na kunywa maji ili damu iijaze mishipa iliyolegea, jambo ambalo Mamu Ntumba hakulielewa kamwe, sababu maisha yake yote aliambiwa mwenye tansiyo asiguse chumvi. Alinipigia simu mara tatu kunihakikishia kwamba daktari amekosea. Kila mara nilimwambia amuulize daktari mwenyewe, amuulize uso kwa uso, na akirudi anieleze. Alikwenda. Aliuliza.

Kabla ya kufika siku ya upasuaji, mimi labo walikuwa wameshanihamisha kuosha vichupa, na kukawa na barua ya kunitakia mapumziko mema ya uzazi ambayo haikusema nirudi lini. Nilielewa. Sikuomba. Kisanduku bado kiko kwenye karatasi yao, nasikia. Ninyi mnaoingia sasa mtapewa kalamu ya kukiwekea alama, na nyuma ya mgonjwa kutakuwa na mstari, na mtu mwenye shati zuri atatazama saa. Mwacheni atazame. Vuteni kiti. Kama hakuna chumba, mtoeni mgonjwa nje, kwenye kivuli cha ukuta, mbali na masikio ya watu. Dakika kumi. Hamtafukuzwa kwa dakika kumi. Na mkifukuzwa, mimi nipo, nimefukuzwa, ninakula.

Siku walipompasua Ndaya nilikuwa chumba cha nyuma, mikono kwenye maji ya sabuni, tumbo limegusa sinki. Walimwingiza asubuhi. Saa nne ilipita, saa tano ikapita. Nilivunja vichupa viwili. Saa saba na nusu simu ikalia kwenye mfuko wa blauzi, nikaitoa kwa vidole vilivyolowa, ikataka kuanguka.

"Madame?" Ilikuwa sauti ya Mamu Ntumba, nyuma yake kelele za koridoo ya hospitali.

"Niko hapa, Mamu. Sema."

"Ameamuka."

Nikafunga bomba la maji nisikie vizuri.

"Unasikia? Ameamuka! Docta anasema tansiyo ilipanda kidogo, akaishika, sasa iko muzuri. Nikamuinamia, nikamuambia, Ndaya, mwanangu, ni miye. Unajua aliniuliza nini? Hata Mungu hakumushukuru bado. Aliniuliza: 'Mamu, kama weye iko hapa, nani iko anauza bunga yangu?'"